Debe la Kahawa, Debe la Kura

KAMA hujawahi kusafiri kutoka Ruiru hadi Thika asubuhi ya siku ya uchaguzi, msomaji, basi hujaiona barabara hii ikiwa imetulia. Siku nyingine zote ni vurugu tupu. Makanga wanaita abiria kwa sauti za kukauka, bodaboda wanapenya kila upenyo, nao wachuuzi wa njugu na maji wanakimbilia madirisha ya matatu. Lakini Jumanne ya Agosti 9, 2022, kabla jua halijachomoza, nilisimama kituoni Ruiru pamoja na binti yangu, na tuliweza kusikia jogoo wakiwika nyuma ya magorofa.

Tulikuwa tukienda Thika kupiga kura. Mimi naishi Ruiru, lakini jina langu limo katika daftari la wapiga kura la Thika, huko Makongeni kwa mama yangu, na sijawahi kulihamisha. Binti yangu alikuwa na miaka 21. Mama ndiye aliyemshika mkono mwanzoni mwa mwaka huo akampeleka kujiandikisha, maana wao wawili ni wajina. Kwa desturi yetu Wakikuyu, msichana wa pili hupewa jina la mama yake mama. Kwa hiyo mimi humwita binti yangu "mama" na huwa namaanisha hivyo.

Asubuhi ile alikuwa amenuna. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliniambia, "Mama, kura haijawahi kushusha bei ya unga. Nyinyi mmepiga miaka yote, mmepata nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu avae sweta, kwa kuwa foleni huanza alfajiri na baridi ya Agosti haina mchezo. Haya ninayoyaandika hapa ndiyo jibu nililolikosa usiku ule. Nililiokota njiani, kidogo kidogo, katika kilomita zipatazo 20 zinazotenganisha miji hii miwili.

DEBE LISILOJAA

Ukiitazama Ruiru leo utadhani imekuwa mji tangu zamani. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu zaidi ya 490,000 hapa, karibu mara mbili ya wale wa Thika yenyewe, ambao walikuwa zaidi ya 250,000. Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi mwaka wa 2012, nyumba za kupangisha zimeota kama uyoga baada ya mvua.

Lakini sisi tuliozaliwa huku tunajua kwamba chini ya magorofa hayo kulikuwa na kahawa. Mibuni ilitanda kutoka Ruiru hadi Juja, ikapanda mpaka Thika. Kituo cha utafiti wa kahawa kingali hapa Ruiru, na ndicho kilichowapa wakulima ile aina inayoitwa Ruiru 11 mwaka wa 1985. Mbegu hiyo ilikusudiwa kustahimili magonjwa mawili makubwa ya kahawa, na imeyastahimili. Kitu ambacho haikuweza kukistahimili ni bei ya ploti.

Nyanya yangu, cucu kama tunavyomwita, alikuwa mchumaji wa kahawa katika mojawapo ya mashamba hayo ya walowezi. Hakujua mwaka aliozaliwa, ila kwa hesabu zetu ni kama 1925. Alianza kuchuma akiwa msichana mdogo. Mchumaji alilipwa kwa debe. Unachuma matunda mekundu, unayamimina katika debe, unalibeba mpaka kwa nyapara. Nyapara analitazama, analitikisa, matunda yanashuka, kisha anasema bado halijajaa. Unarudi shambani kuongeza. Likijaa, karani anaweka alama katika kipande chako cha kazi, na mwisho wa mwezi alama hizo ndizo mshahara wako.

"Debe lile halikujaa kamwe," cucu alikuwa akisema. "Mwenye kuamua kama limejaa hakuwa mimi."

Sasa tazama mambo yalivyokuwa katika shamba hilo hilo moja. Wanawake wa Kizungu katika koloni hili walikuwa wameanzisha umoja wao, East Africa Women's League, mwaka wa 1917, na jambo moja walilolipigania ni kura. Waliipata mwaka wa 1919. Reli ilikuwa imefika Thika tangu 1913, na hoteli ya Blue Posts, pale kati ya maporomoko ya mto Chania na ya mto Thika, ilikuwa tayari ni mahali pa walowezi kupumzikia. Mke wa mwenye shamba aliweza kuketi pale akizungumzia ni nani wa kupelekwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwanamke aliyemchumia kahawa yake alingoja mpaka mwaka wa 1963. Hiyo ni miaka 44, yaani umri wa mtu kuzaliwa, kuolewa na kuitwa nyanya.

Usidhani kwamba katika miaka hiyo 44 wanawake wetu walinyamaza. Miongoni mwa mambo yaliyomfanya Harry Thuku asikizwe mwanzoni mwa miaka ya 1920 ni kupinga kwake kazi ya kulazimishwa, ambayo wasichana na wanawake walipelekewa katika mashamba ya kahawa. Alipokamatwa, umati ulikusanyika Nairobi kudai aachiliwe. Tarehe 16 Machi 1922 risasi zilifyatuliwa, na miongoni mwa waliouawa alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewasuta wanaume kwa woga wao. Hakuwa na kura mwanamke yule. Alikuwa na sauti yake tu, na ilimgharimu maisha.

CHETI CHA UTIIFU

Matatu yetu ilipojaa na kuondoka, nilianza kumsimulia binti yangu habari za cucu. Nilidhani hasikii kwa kuwa alikuwa ametia vile vidude vya muziki masikioni. Baadaye niligundua kwamba muziki ulikuwa umezimwa.

Nilimwambia kwamba Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza Machi 1957. Viti vilikuwa 8. Ndipo wakaingia akina Tom Mboya, Oginga Odinga, Daniel arap Moi, Ronald Ngala na Masinde Muliro. Lakini hiyo haikuwa kura ya kila mtu. Palikuwa na masharti ya elimu, kipato, mali na utumishi, na mtu aliyetimiza mengi aliweza kupewa hata kura 3. Wanawake waliotimiza masharti kama hayo walikuwa wachache mno.

Kwetu Wakikuyu, pamoja na ndugu zetu Waembu na Wameru, liliongezwa sharti jingine. Hiyo ilikuwa enzi ya Hali ya Hatari. Ili uandikishwe ilikupasa uwe na cheti cha kuonyesha kwamba ulikuwa mtiifu kwa serikali. Wengi walikinyimwa, wengine hawakukitaka. Matokeo yake ni kwamba kiti cha Mkoa wa Kati kilikwenda kwa Bernard Mate kutoka Meru, ambako walioandikishwa walikuwa wengi zaidi, naye Eliud Mathu akaangushwa.

Wakati huo cucu alikuwa akiishi katika kijiji cha kulazimishwa, amezungukwa na mtaro. Wanawake wengine walikuwa wamefungwa Kamiti, mwendo mfupi tu kutoka Ruiru, kwa kushukiwa kuwapelekea wapiganaji chakula na habari. Nani angewapa cheti cha utiifu?

Mwaka wa 1961 masharti yalilegezwa. Ungeweza kupiga kura kama unajua kusoma na kuandika lugha yako, au umepita miaka 40, au unapata angalau pauni 75 kwa mwaka. Cucu hakujua kusoma. Miaka 40 alikuwa hajaifikisha. Na pauni 75, kwa mwanamke wa kulipwa kwa debe, zilikuwa ndoto ya mchana.

Ndipo ukaja Mei 1963. Kila mtu mzima, mwanamume kwa mwanamke, tajiri kwa maskini, alikuwa na kura moja. Cucu aliniambia kwamba wiki ile kila mtu alimtembelea na ushauri. Nyapara alimwambia achague nani. Vijana wa chama walimwambia. Babu naye alimkalisha jikoni akamwambia.

"Nilimwambia nyapara ndiyo," alisimulia, "nikawaambia vijana ndiyo, nikamwambia mzee wangu ndiyo. Kisha nikaingia peke yangu."

Hilo neno la mwisho alilitamka polepole. Hebu fikiri, msomaji. Mwanamke wa umri wa karibu miaka 38, ambaye tangu utotoni hajaingia mahali popote bila ya mtu wa kumsimamia. Shambani kuna nyapara, kijijini kuna askari, nyumbani kuna mume. Siku hiyo aliingia mahali pamoja padogo palipozibwa, akakutana na karatasi yenye picha, akaweka alama yake, akaitumbukiza katika debe. Na debe hilo hakuna aliyelitikisa akamwambia bado halijajaa.

Tulimbembeleza sana atuambie alimchagua nani. Alicheka tu. Siri ya mtungi, wahenga walisema, aijuaye kata. Cucu alifariki na siri yake.

MLOLONGO

Tulipofika Juja, abiria waliongezeka. Mzee mmoja aliyevalia koti zito aliketi mbele yetu, akasikia mazungumzo, akageuka. "Wanawake mnalalamika bure," alisema. "Nyinyi ni nusu ya wapiga kura. Mngependana, mngekuwa mnatawala. Adui ya mwanamke ni mwanamke."

Hiyo kauli nimeisikia tangu nikiwa msichana. Nikamwuliza, "Mzee, mwaka wa 2013 sisi watu wa huku tulimchagua nani bungeni?" Akakuna kichwa.

Nilimkumbusha. Mwaka huo maeneobunge mawili ya barabara hii, Thika Mjini na Ruiru, yalichagua wanawake. Thika ilimpeleka Alice Ng'ang'a, Ruiru ikampeleka Esther Gathogo. Katika nchi nzima yenye maeneobunge 290, wanawake waliochaguliwa mwaka huo walikuwa 16 tu. Wawili kati yao walitoka katika kipande hiki kifupi cha lami. Hawakupita kwa kura za wanawake peke yao, bali walipigiwa kura na akina baba kama yeye.

"Na wakashusha bei ya unga?" binti yangu akadakia, na abiria wakacheka. Nami nilicheka, maana hapo alinikamata.

La, hawakushusha. Ni lazima tuseme kweli. Mwanamke akichaguliwa hawi malaika. Wote wawili waliondoka bungeni mwaka wa 2017, na hilo nalo ni funzo. Kura iliyompandisha mtu ndiyo hiyo hiyo inayomshusha, na inaweza pia kumrudisha, kama ilivyomrudisha Alice Ng'ang'a siku ile ile tuliyokuwa safarini. Debe tupu haliachi kuvuma, liwe limevaa suti au limevaa rinda.

Wala kazi haijakwisha. Katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika mashirika ya kuchaguliwa, na ilitupatia viti 47 vya wawakilishi wa wanawake, kimoja kwa kila kaunti. Bado Bunge halijaifikia theluthi hiyo. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kulitimiza jambo hilo, na halikuvunjwa. Kwa upande mwingine, mwaka wa 2013 hakuna mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa gavana, na mwaka wa 2022 walichaguliwa 7. Haba na haba hujaza kibaba, ijapokuwa kibaba chenyewe ni kikubwa.

Mzee aliuliza, "Basi kama ni polepole hivyo, kwa nini mnajisumbua?" Nikamsimulia habari ya mama.

Mama yangu alihamia Thika miaka ya 1970 akafanya kazi kiwandani. Alikuwa na bahati ambayo cucu hakuwa nayo. Alijua kusoma, na alipokea mshahara wake mkononi. Mwaka wa 1974, umri wa kupiga kura ulipoteremshwa kutoka miaka 21 hadi 18, vijana wa mtaa walijaa katika foleni, naye akiwa miongoni mwao akinibeba mgongoni.

Ukaja mwaka wa 1988 na mlolongo. Vijana hawaujui, kwa hivyo nitaueleza. Katika mchujo wa chama cha KANU, ambacho ndicho kilichokuwa chama cha pekee, karatasi za siri ziliondolewa. Wanachama walipanga foleni uwanjani, mchana kweupe, nyuma ya picha ya mgombeaji waliyemtaka. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amekwishashinda, bila ya kurudi kwa wananchi tena.

Mama alikuwa na mtu wake aliyempendelea. Lakini uwanjani alikuwako msimamizi wake wa kazini, alikuwako mwenye nyumba, na alikuwako baba yangu, ambaye tayari alikuwa amesimama katika mstari mwingine. Mama alitazama picha hii, akatazama ile. Kisha akaenda kusimama nyuma ya baba.

"Siku hiyo sikupiga kura," huwa anasema mpaka leo. "Nilifuata mgongo wa mtu."

Wanaume pia waliumia. Kote nchini watu walilalamika kwamba mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, na viongozi wa makanisa na wanasheria waliupinga hadharani. Lakini mtu mwenye bosi mmoja huathirika mara moja. Mwanamke mwenye bosi kazini, mwenye nyumba mtaani na mume nyumbani, wote wakimtazama, anasimama wapi? Unapoondoa siri katika kura, wa kwanza kunyang'anywa ni yule aliye chini ya macho ya wengi.

Mzee hakujibu. Aligeuka akatazama nje, kule Witeithie.

KITUONI

Kura yangu ya kwanza niliipiga Thika tarehe 29 Desemba 1992, nikiwa na miaka 20. Karatasi za siri zilikuwa zimerudi pamoja na vyama vingi, na huku kwetu jina lililokuwa midomoni mwa watu ni la Kenneth Matiba. Mwaka huo wanawake 6 walichaguliwa bungeni, miongoni mwao Martha Karua na Charity Ngilu. Nakumbuka mkono wangu ulitetemeka. Nakumbuka pia jirani yetu mmoja ambaye hakuja. Alikuwa ameuza kadi yake ya kura wiki iliyotangulia kwa pesa za kununulia watoto chakula. Sikumcheka wakati huo, na sasa simcheki. Njaa ni hakimu mkali. Lakini aliyenunua kadi ile hakuwa mjinga. Alijua anachonunua, na ingekuwa haina thamani, asingetoa hata senti.

Tulishuka Thika kukiwa kumepambazuka. Mama alikuwa ametutangulia kituoni, shule moja ya msingi Makongeni, akiwa na kitambaa kichwani na kitambulisho ndani ya mfuko wa plastiki. Miaka yake 72 haikumzuia kuwahi. "Mmechelewa," alitusalimu, kisha akamkumbatia wajina wake.

Foleni ilikwenda polepole. Jua lilipanda, sweta zikavuliwa. Kulikuwa na akina mama waliofunga watoto mgongoni, wafanyakazi wa viwandani waliotoka zamu ya usiku, na wazee walioletewa viti. Tulipokaribia mlango, palitokea jambo ambalo sijalisahau.

Mbele yetu alikuwako bikizee mmoja, mkongwe kuliko mama, ameshika mkongojo. Kando yake alisimama kijana aliyevalia vizuri, aliyesema amemleta "kumsaidia" kwa kuwa nyanya hajui kusoma. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa. Karani alimweleza bikizee utaratibu. Asiyeweza kuweka alama mwenyewe huruhusiwa kuchagua mtu mzima anayemwamini, na mtu huyo huapishwa kwamba atafuata anayoambiwa na kwamba atatunza siri. Asipokuwa na mtu, msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya mawakala wa wagombeaji. "Je, nyanya, unamchagua huyu kijana?"

Bikizee alimtazama kijana. Akatutazama sisi tulio kwenye foleni, mmoja mmoja. Kisha akaunyosha mkongojo wake kwa binti yangu.

"Huyu," alisema kwa Kikuyu.

"Unamjua?" karani akauliza.

"Simjui, na yeye hanijui. Ndiyo maana."

Watu waliangua kicheko, lakini bikizee hakucheka. Kijana alianza kulalamika, karani akamwomba angojee nje. Binti yangu alinitazama kana kwamba anauliza afanye nini. Nilimwambia, "Nenda, mama."

Aliapishwa. Niliwaona kwa mbali wakijikunyata nyuma ya kile kibanda cha kadibodi, kichwa chenye rasta kikiwa kimeinama karibu na kichwa chenye leso. Karatasi zilikuwa 6, za Rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na diwani wa kaunti, kila moja na rangi yake. Binti yangu alisoma majina kwa mnong'ono. Bikizee alisikiliza, akafikiri, akanong'ona jibu. Walichukua muda. Hakuna aliyewaharakisha. Kisha bikizee alizitumbukiza karatasi zake mwenyewe, moja moja, kila moja katika debe la rangi yake, na baada ya ile ya sita alilipigapiga debe kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

Ndipo binti yangu akapiga kura yake. Kisha mama. Kisha mimi.

CHINI YA MUGUMO

Baada ya hapo tulimrudisha mama nyumbani, tukanywa chai, sisi wawili tukateremka mjini mpaka Bustani ya Mugumo. Kila mtu wa Thika anaijua hadithi ya mahali hapa. Inasimuliwa kwamba mwaguzi Mugo wa Kibiru alitabiri kuwa mti mkubwa wa mugumo uliokuwa hapa utaanguka siku utawala wa Wazungu utakapokoma. Wakoloni waliusikia utabiri huo, wakauzungushia chuma usije ukaanguka. Lakini mwaka wa 1963 ulianguka.

Cucu aliipenda sana hadithi hiyo, ila aliimalizia kwa namna yake. Alisema mti haukuangushwa na radi wala na upepo. "Tulikuwa tumekwisha kuusukuma mwezi wa tano," alisema.

Tuliketi nyasini tukala vipande vya nanasi. Vidole vyetu vilikuwa na wino. Nilikuwa nimejiandaa kumpa binti yangu hotuba. Nilitaka kumwambia kwamba wanawake wa Uswisi, nchi ya mabenki na saa, walipata kura ya kitaifa mwaka wa 1971, miaka 8 baada ya mchuma kahawa wa Ruiru. Nilitaka kumwambia kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Nilitaka kumwambia kuhusu bei ya unga, kwamba hakuna karatasi inayoishusha kwa siku moja, lakini anayeipanga anatuogopa siku moja katika miaka mitano, na tusipojitokeza hata siku hiyo hatatuogopa kamwe.

Sikusema lolote. Niliona amekaa kimya cha mtu aliyebeba kitu.

"Yule cucu," alisema hatimaye, "ameniambia kwamba kila uchaguzi kuna mtu wa kumsaidia. Mara mtoto wa jirani, mara mtu wa kikundi. Ameniambia leo ndiyo mara ya kwanza anajua kwa hakika alama imewekwa alipotaka."

Nilimwuliza, kwa ule udadisi wetu wa akina mama, "Kwani alimtaka nani?"

Binti yangu alinitazama kwa mshangao. "Mama! Niliapa."

Niliona haya, lakini ni haya ya furaha. Hata hivyo sikukoma. Njiani kuelekea stendi ya matatu za Ruiru nilimchokoza tena, safari hii kuhusu kura yake mwenyewe. Hakujibu. Badala yake alinirushia swali. "Na cucu wako, mwaka wa 1963, alimpigia nani?"

"Hakuna anayejua," nilimwambia.

Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Makanga alituita, tukapanda, tukaketi. Barabara ilikuwa bado imetulia, na nje magorofa yakapita mahali ilipokuwa mibuni.